TV ya Burundi na Kongo ukiwa Kigoma: antena, ungo, king'amuzi au simu?

Mama mkwe alipokuja kuishi nasi Mwanga, hapa Kigoma mjini, akitokea Mabanda, Burundi, ng'ambo ya mpaka, hakuomba mengi. Aliomba jiko lake mwenyewe la mkaa, godoro lisilobonyea, na amakuru. Amakuru kwa Kirundi ni habari, na alizozitaka yeye ni zile za RTNB, televisheni ya taifa ya Burundi: mvua imenyesha wapi, barabara ipi imekatika, nani kateuliwa gavana. Nikamjibu, "Hilo dogo, mama." Halikuwa dogo. Lilinichukua miezi minne, na hadi leo kuna antena na busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi, vimelala stoo, ushahidi wa pesa niliyoitoa kabla ya kuuliza.

Tangu hapo watu huniuliza mimi. Na Kigoma wenye haja hii ni wengi. Muha wa Manyovu akisikiliza Kirundi hahitaji mkalimani, maana lugha hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Ujiji imejaa Wamanyema na Wabembe wenye shangazi na wajomba Baraka, Fizi na Kalemie, ng'ambo Kongo. Kibirizi kuna wafanyabiashara ambao kabla ya kupakia boti wanataka kujua kama ng'ambo kumetulia. Wapo pia wanaotaka ngoma za Burundi, zilizoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2014, au rumba ya Kongo iliyofuata mwaka 2021, au mechi ya TP Mazembe tu basi.

Kazi hii nimeifanya katika nyumba tatu: kwangu Mwanga, kwa baba mdogo Manyovu, na kwa mzee mmoja wa Kibembe pale Ujiji ambaye ni rafiki wa marehemu baba. Nyumba tatu, majibu matatu. Ndiyo maana mtu akiniuliza kipi kizuri kati ya antena, ungo, king'amuzi na simu, mimi kwanza humuuliza: nyumba yako imekaa wapi?

ANTENA: SWALI NI MLIMA, SI BEI

Mawimbi ya TV ya ardhini, yale ya masafa ya UHF, husafiri karibu sawa na macho yanavyoona. Kilima kikikaa katikati, yamekwisha. Ukiwa juu na mnara uko juu, yanafika mbali kuliko unavyotarajia. Kwa hesabu ya kawaida ya mafundi, mnara ulio mita 1,000 juu ya usawa wa ziwa na antena yako iliyo mita 10 juu ya maji vinaweza kuonana hata kwa umbali wa kilomita 140, ilimradi hakuna kilichosimama kati. Kutoka Kigoma mjini hadi Nyanza-Lac ni kama kilomita 60 tu kwa mstari ulionyooka. Bujumbura yenyewe ni kama 170.

Ukiishia kwenye namba hizo utakimbilia dukani, kama nilivyokimbia mimi. Lakini tazama mji wetu ulivyo. Kigoma imekaa ndani ya ghuba, vilima vimeizunguka, na ukielekea kaskazini kuna mteremko mkali wa Gombe unaoshuka hadi majini. Mwanga, Gungu, Buzebazeba, kote huko mtu anayeitafuta Burundi kwa antena anaitafuta nyuma ya ukuta wa mawe na udongo.

Nilijifunza hilo juu ya bati, saa tisa mchana, jua likinichoma shingo. Nilifunga antena ya vijiti kwenye bomba la futi 20, nikaweka busta, nikaelekeza kaskazini. Mke wangu alikuwa sebuleni akinisomea kioo kwa sauti. TV huonyesha pau mbili unaposachi chaneli: moja ya nguvu, moja ya ubora. Akasema, "Nguvu 74." Nikafurahi. "Ubora je?" Kimya. Kisha, "Ubora sifuri." Nikageuza kushoto, kulia, nikainamisha, nikageuza vijiti kutoka kulala hadi kusimama kwa sababu minara mingine hurusha kwa wima na mingine kwa ulalo. Nguvu ilicheza kati ya 60 na 80. Ubora haukutikisika.

Hapo ndipo watu wengi hudanganyika, kwa hiyo nitalieleza vizuri. Nguvu ni kelele zote zinazoingia kwenye waya, na busta huzikuza zote: za mnara wa hapa hapa mjini ulio karibu, za taa mbovu ya jirani, za chochote. Ubora ndio sehemu ya kelele hizo inayosomeka kuwa picha. Busta haiwezi kuumba ubora ambao haukufika kwenye vijiti. Hata mara nyingine huharibu, kwa kuwa mnara wa karibu unakuzwa hadi unaifunika sauti ndogo inayotoka mbali. Fundi akikuambia "nguvu ipo, ongeza busta tu", mwombe akuonyeshe ubora kwanza.

Sasa twende Manyovu. Kwa baba mdogo ukisimama uani, vilima vya Burundi viko mbele yako, na kituo cha mpaka cha Mugina ni mwendo mfupi. Yule mzee ana historia na jambo hili. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo picha ya kwanza kabisa niliyoiona maishani, kwenye TV yake nyeusi na nyeupe iliyoungwa kwenye betri ya gari, ilitoka Burundi. Watoto wa jirani tulijaa hadi mlangoni. Ilikuwa na chenga, sauti ikija na kupotea, lakini mtu alikuwa anaonekana.

Chenga hazipo tena, na huo ndio ugumu wa dijitali. Zamani mawimbi yakiwa dhaifu ulipata picha dhaifu. Sasa unapata picha safi au kioo cheusi, na kati ya hivyo viwili kuna kipande chembamba sana cha picha kugandaganda. Manyovu iko upande salama. Antena ile ile iliyoshindwa kwangu, nilipoijaribu kwake kwenye mti wa mkaratusi wa futi 15, bila busta, ilikamata ubora wa kutosha katika dakika chache. Nchi zetu zote hizi zimefuata mfumo mmoja wa dijitali, DVB-T2, kwa hiyo TV mpya yenye mfumo huo ndani inasoma chaneli za jirani bila kifaa kingine, mradi zinarushwa wazi. Zilizofungwa kwa kadi zitaonekana kwenye orodha kwa jina tu, ukizifungua zinadai kadi.

Baada ya hapo hakuna malipo ya mwezi, hakuna bando. Hii ndiyo sifa ya antena ambayo hakuna kingine kinachoifikia. Kwa yeyote aliye mgongoni mwa milima ya Buhigwe, au kwenye vilima vya Kasulu vinavyotazama magharibi, mimi sioni sababu ya kuanza na kitu kingine.

Neno moja kwa watu wa pwani ya ziwa, kuanzia Katonga hadi Kibirizi. Kuna jioni ziwa likitulia kabisa, hewa ya baridi inalala juu ya maji na ya joto inakaa juu yake, na tabaka hilo hubeba mawimbi mbali sana kama bomba. Usiku wa namna hiyo unaweza kusachi ukakuta chaneli ya Kongo ambayo hujawahi kuiona, safi kama ya hapa. Asubuhi haipo. Rafiki yangu mmoja wa Katonga alinunua antena ya pili, kubwa, kwa sababu ya usiku mmoja kama huo. Kabla hujanunua, azima antena na uitazame siku saba: alfajiri, mchana wa jua, na usiku. Kinachokuwepo mchana wa jua kali ndicho chako.

UNGO: TAZAMA MTI KABLA YA KUTAZAMA BEI

Ungo hauna habari na vilima vya Gombe. Satelaiti za TV zimekaa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, na sisi tuliopo nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta tumependelewa: nyingi ziko juu sana angani kwetu. Kwa mtu wa Tabora, ambaye yuko mbali mno na mpaka wowote kwa antena, mjadala unaanzia hapa. Sehemu ya juu anaweza kuiruka yote.

Kuna nyungo za aina mbili na lazima uzitofautishe. Ule mdogo, wa sentimita 60 hadi 90, unakamata masafa ya Ku. Ni rahisi kuubeba, rahisi kuufunga, na ndio unaotumiwa na ving'amuzi vya kulipia. Ule mkubwa wa futi 6 au 8 unakamata masafa ya C. Mkubwa unahitaji nguzo iliyomwagiwa zege, mafundi wawili na uwanja. Kwa gharama, ule mkubwa na kisimbuzi chake ulitugharimu zaidi ya mara tatu ya antena na waya wake.

Faida ya mkubwa utaiona mwezi wa Machi. Mvua kubwa ya Kigoma ikimwagika, masafa ya Ku hufyonzwa na matone. Picha inaganda, inakatika, inarudi mawingu yakipita. Masafa ya C hupita katikati ya mvua ile ile kama vile haipo. Kwa anayetaka habari kila siku bila kukosa, hilo ni jambo kubwa. Kwa anayetaka rumba Jumamosi, si kubwa.

Kwa mzee wa Ujiji tulichagua ungo, kwa kuwa yeye hakutaka Burundi. Alitaka Kongo: RTNC, televisheni ya taifa ya huko, kutoka Kinshasa, na vituo vya muziki na mahubiri ambavyo Wakongo huvipenda, vingi vikiwa kwenye satelaiti bila malipo. Kongo ina lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba, lakini ile anayoifuatilia mzee kwa masikio mawili ni Kilingala, alichojifunza ujanani kwenye meli.

Ujiji ni mji wa miembe. Nyumba yake ina mwembe mmoja upande wa magharibi, mkubwa, uliopandwa na babu yake, na hakuna mtu atakayethubutu kuutaja karibu na panga. Fundi wa kwanza alifunga ungo ukitazama magharibi, chini kidogo, moja kwa moja kwenye majani. Ilikuwa kiangazi na upepo ukivuma picha ilikuja vipande vipande. Mvua za kwanza ziliponyesha na majani kujaa maji, ikazimika kabisa. Tulihamisha nguzo mara mbili hadi tulipopata upenyo.

Hesabu yake ni rahisi na ingetuokoa siku tatu. Nyuzi za Mashariki au Magharibi ni mahali satelaiti ilipokaa juu ya ikweta, na ndizo zinazoitambulisha. Ukiwa Kigoma, satelaiti iliyo nyuzi 36 Mashariki, inayotumiwa na DStv, iko karibu utosini: nyuzi 80 juu ya upeo wa macho. Ile ya 7 Mashariki, ambayo Azam TV wamekuwa wakiitumia tangu walipoanza Desemba 2013, iko nyuzi 63. Ya 68.5 Mashariki iko kama 45. Ya 22 Magharibi, inayobeba chaneli nyingi za Kifaransa kwa Afrika, iko chini, kama nyuzi 31, juu ya ziwa upande wa Kongo. Mti unaouzidi ungo wako kwa mita 10 utakuzuia ile ya 22 Magharibi kama uko karibu zaidi ya mita 17. Kwa ile ya 7 Mashariki, mita 5 zinatosha. Kwa ya 36, mita 2 zinatosha, mradi matawi yasiwe juu ya ungo. Basi toka nje, simama pale unapotaka nguzo, na utazame mti wa jirani kabla hujatazama bei.

La pili kuhusu ungo: chaneli za bure huhama. Kituo kikipata mkataba mwingine kinahamia satelaiti nyingine au masafa mengine, na wewe asubuhi unakuta kioo cheusi. Mafundi wengi hufanya kazi kwa orodha walizonakili miaka iliyopita. Kwa hiyo usikubali ahadi ya mdomo. Mwambie fundi aje na kifaa chake cha kupimia, aelekeze, akuonyeshe kituo chenyewe kikicheza, ndipo muanze kuchimba shimo. Fundi mzuri hatakasirika. Na baada ya kufunga, mwambie akuandikie ukutani kwa penseli jina la satelaiti, masafa, na kama ni wima au ulalo. Kwa mzee iko nyuma ya mlango, na imeshatumika mara mbili.

KING'AMUZI CHA KULIPIA

Hapa nitakuwa mfupi. Kampuni za kulipia huuza kwa nchi. Orodha ya chaneli anayoipata mteja wa Tanzania si lazima iwe ile ya mteja wa Burundi, hata kama jina kwenye boksi ni moja na satelaiti ni moja. Ukiwa na king'amuzi tayari, angalia kwanza orodha yako. Huenda unachotaka kukitafutia pesa mpya kimo ndani. Kama huna, nenda kwa wakala, mwambie afungue hiyo chaneli dukani kwenye kifurushi utakachokilipia wewe, si kile cha juu.

Wengi Kigoma huniuliza kuhusu kununua king'amuzi ng'ambo na kuvuka nacho. Sikushauri. Kadi ile imeuzwa kwa mkataba wa nchi ile, na ikifungwa huna wa kumlalamikia. Vifaa vya mawasiliano vinavyotumika nchini vinatakiwa viwe vimethibitishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, chini ya sheria ya mwaka 2010. Na kila mwezi utahitaji mtu wa ng'ambo akulipie kwa pesa za simu za kule. Siku mtu huyo akisafiri, mechi inakupita.

King'amuzi kinamfaa nani basi? Kinamfaa aliye na familia ya matakwa mengi: watoto wa katuni, baba wa ligi, mama wa tamthilia, na TV ya jirani ikiwa nyongeza tu.

SIMU

Kwa mama mkwe tuliishia hapa, na nilikuwa wa mwisho kukubali, kwa sababu niliona ni kama kushindwa. RTNB na RTNC zote huweka vipindi na taarifa zao YouTube. Mtoto wangu wa kidato cha pili alimwonyesha bibi yake siku moja tu, huku mimi nikiwa bado natafuta bomba refu zaidi.

Tulivyopanga ni hivi. Taarifa ya habari huteremshwa na mtoto akirudi shuleni, au usiku wa manane kwa bando la usiku, kisha simu inaunganishwa na TV na bibi anakaa kwenye kigoda chake. Picha ndogo ya 240p inakula takriban MB 200 hadi 300 kwa saa. Ukipanda hadi 480p unafika 500 hadi 700. Habari ya nusu saa kwa picha ndogo ni mzigo mwepesi. Kwenye TV ya inchi 32 nyuso zinaonekana kidogo kama zimefutwa na kitambaa, lakini mama mkwe anasema yeye anasikiliza zaidi ya anavyotazama.

Kuna jambo la saa ambalo watu husahau, na linahusu njia zote hizi. Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu saa moja. Kinshasa wako nyuma saa mbili. Taarifa ya saa mbili usiku ya Bujumbura kwetu ni saa tatu. Ya saa mbili usiku ya Kinshasa kwetu ni saa nne, wazee wamelala. Mwenye antena au ungo lazima asubiri. Mwenye simu anatazama kesho yake baada ya chai, na kwa nyumba yenye mzee wa miaka 70 hiyo ni nafuu kubwa.

Udhaifu wake nimeuona pia. Simu ni ya mtu, TV ni ya nyumba. Mtoto akienda kambi ya masomo, bibi anabaki kuomba. Na mwishoni mwa Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, mama mkwe alikaa bila neno kutoka kwao, akinitazama kila jioni kama vile ninajua kitu ninamficha. Siku hizo hizo baba mdogo kule Manyovu alikuwa anatazama kama kawaida, kwa antena yake na mti wake wa mkaratusi.

UKIVIWEKA KANDO KWA KANDO

Kama nyumba yako iko juu na unaiona Burundi kwa macho: antena, na usiongeze kitu. Umeme mdogo wa sola unatosha kwa TV ndogo, na hakuna wa kukukatia. Ubaya wake ni kuwa huchagui; unapata kinachorushwa upande huo.

Kama uko bondeni au mjini na unataka matangazo ya moja kwa moja, hasa ya Kongo: ungo, na kama una uwanja na unaweza kusubiri ukusanye fedha, chukua mkubwa. Mdogo ni sawa kwa anayevumilia kukatika mvua ikinyesha. Mpangaji asijenge nguzo ya zege kwenye kiwanja cha mtu. Achukue mdogo wa kubanwa ukutani, akihama ahame nao.

Kama haja yako ni habari tu, mara moja kwa siku, kwa lugha ya nyumbani: simu, leo hii, bila kununua kifaa kipya, bando tu. Ukiona miezi sita imepita na bado unatamani matangazo ya moja kwa moja, fikiria ungo. Wengi niliowashauri waanze na simu hawakurudi kuuliza tena.

Ukitaka vyote viwili kwa uhakika, simu kwa kila siku na antena au ungo kwa siku mtandao unapokosekana, ndiyo njia ninayoiamini zaidi. Kwangu Mwanga nimeanza kukusanya fedha za ungo kwa sababu ya zile siku za Oktoba.

Lakini yote haya ni watu kujihangaikia wenyewe, na linaniuma, kwa kuwa kuna njia ambayo haihitaji mtu kupanda bati. Kisiwa cha Ireland kimegawanyika: kaskazini iko chini ya Uingereza, kusini ni Jamhuri ya Ireland. Wa kaskazini kwa miaka mingi walitazama TV ya kusini kwa chenga za mpakani, kama baba mdogo. Mkataba wa amani wa mwaka 1998 uliweka humo humo ahadi ya kutafuta namna televisheni ya lugha ya Kiayalandi ipatikane kwa upana zaidi kaskazini. Februari 2010 serikali hizo mbili zikatia saini makubaliano. Tarehe 24 Oktoba 2012, siku analojia ilipozimwa pande zote mbili, minara mitatu ya kaskazini, Black Mountain, Brougher Mountain na Carnmoney Hill, ikaanza kurusha chaneli tatu za kusini, RTÉ One, RTÉ Two na TG4, kwa mfumo ule ule wa DVB-T2 tulio nao sisi. Mtu wa Belfast aliye ndani ya eneo la minara hiyo anasachi kwa antena yake ya kawaida, anazipata.

Burundi iko nasi ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kongo tangu 2022. Mnara wa Kigoma upo. Kuongeza chaneli moja ya Burundi na moja ya Kongo juu yake, nao warushe ya kwetu Nyanza-Lac na Kalemie, ni kazi ya makubaliano ya haki za matangazo na masafa zaidi ya kazi ya chuma. Diwani au mbunge wako akija kuomba kura mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo. Mimi wa kwangu nimeshamwambia.

Mpaka siku hiyo, na kwa yeyote anayefunga bomba au nguzo wiki hii: mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zenye radi nyingi kuliko kote duniani, na mawingu yale huvuka ziwa kuja kwetu. Funga waya wa kutuliza radi kutoka kwenye nguzo hadi kwenye chuma kilichozama ardhini, kwenye udongo wenye unyevu. Na ukisikia ngurumo ikitokea upande wa ziwa, usingoje ifike. Chomoa waya wa antena nyuma ya TV, kisha ule wa umeme, uviache sakafuni mbali na ukuta hadi mvua ipite.